Kando ya Mshono

Chuma kilichochomelewa vizuri hakikatiki kwenye mshono. Ukiona mshono wenyewe umeachia, aliyechomelea ni mwizi wa kazi, hakuna la kujadili. Kazi ya fundi anayejua kazi, ikikatika, hukatika kando. Hukatika pale chuma kilipoona moto lakini hakikuyeyuka, upana kama wa kidole, kushoto au kulia kwa mshono. Hapo ndipo penye ugonjwa.

Nilifundishwa hivyo na mzee Ochola, ambaye alichomelea mabehewa ya reli miaka mingi kabla ya kufungua kibanda Kitengela. Mimi niliacha shule darasa la sita, kwa hiyo hakupoteza muda kuniandikia. Aliunganisha vipande vya springi ya lori mara mbili. Ungio la kwanza akalimwagia maji likiwa bado jekundu. La pili akalipasha moto tena polepole, akalifukia kwenye jivu mpaka kesho yake. Kisha akanipa nyundo. Lile la maji lilikatika kwa pigo moja, kando ya mshono, na ndani lilimetameta kama sukari. Lile la jivu nililipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Lilipinda tu.

"Chuma kigumu ukikipoza haraka kinaweka kinyongo," Ochola akasema. "Kipashe tena, kiache kipoe chenyewe, kitasahau."

Sasa nina miaka arobaini na tisa, na ishirini na sita kati ya hiyo nimeimaliza kando ya barabara ya Namanga nikichomelea mageti, trela na mashine za kukata mawe. Lile somo sikuwahi kulisahau. Kwa hiyo yaliyotokea kwenye kisima cha Naipanoi siwezi kusema sikujua.

Aliyenipeleka huko ni Lazarus. Lazarus ana rigi, lile lori lenye mnara wa kuchimba visima. Alikuja kibandani asubuhi moja mwezi wa pili, viatu vimejaa matope makavu, akasema fundi wake amelazwa na taifodi.

"Nimepata maji ng'ambo ya Kajiado," alisema. "Mita mia moja na arobaini. Maji mengi, Wasike, mpaka mimi nikashangaa. Lakini hapo katikati kuna udongo wa mfinyanzi, unafura kama unga wa chapati. Nikikaa siku tatu bila kuingiza mabomba, hii shimo inajifunga."

"Mabomba unayo?"

"Iko. Ishirini na nne. Beba jenereta yako twende."

Kazi yenyewe ni hivi. Bomba la chuma la mita sita linaning'inizwa ndani ya shimo, mdomo wake ukibanwa kwa koleo kubwa kwenye usawa wa kiuno. La pili linasimamishwa juu yake kwa winchi. Fundi anazunguka anayachomelea, koleo linafunguliwa, yote mawili yanashuka, kisha linaletwa la tatu. Hivyo hivyo mpaka chini. Kila ungio linabeba uzito wa mabomba yote yaliyo chini yake. Moja likikosea, yote yaliyo chini yake yameenda.

Tuliacha lami Kajiado, tukaenda karibu saa nzima kwenye vumbi. Boma la Naipanoi lilikuwa peke yake kwenye tambarare nyeupe. Ngozi za ng'ombe zilikuwa zimeanikwa juu ya ua wa miiba, nyingi sana, nikaacha kuzihesabu. Mvua ilikuwa imekataa misimu minne.

Naipanoi alikuwa mjane wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amebakiwa na ng'ombe kumi na tisa kati ya wale wa marehemu mumewe. Maji yalitoka mbali kwa trekta, na siku nyingine trekta haikuja.

Habari nyingine niliipata kwa shemeji yake, Lemein, mdogo wa marehemu. Aliniambia yeye mwenyewe bila kuficha, tukiwa tunashusha jenereta. Ardhi ile ilikuwa ya familia. Kulikuwa na mtu wa kuinunua yote na kuikata ploti. Lemein alitaka kuuza. Naipanoi alikataa kuweka sahihi, akaomba wazee wampe nafasi moja achimbe kisima.

"Tulikubaliana hivi," Lemein alisema. "Maji yakitoka, hakuna mtu anauza. Maji yasipotoka, anaweka sahihi na hatuongei tena. Mimi si mbaya, fundi. Nimechoka kuvuta maiti za ng'ombe."

"Wewe unataka yatoke ama yasitoke?"

Alinitazama kidogo. "Unauliza vibaya wewe."

"Nauliza tu."

"Nataka iishe," alisema.

Mimi mwenyewe nimepanga nyumba Kitengela juu ya ploti ambayo miaka michache nyuma ilikuwa malisho ya mtu. Nikaendelea kushusha jenereta.

Nilipogusa bomba la kwanza kwa grainda, cheche zilipasuka pasuka hewani kama maua ya mwituni. Chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka. Hizi zilikuwa za chuma kigumu. Yalikuwa mabomba ya mtumba, mazito, yaliyotoka kwenye kazi nyingine za huko mbali.

"Lazarus," nikaita. "Hizi si mild. Ni ngumu kama springi."

"Chuma ni chuma."

"Chuma si chuma. Kila ungio lazima nilipashe kabla, nilipashe tena baada, kisha lipoe kwenye jivu. Dakika arobaini kila moja."

"Arobaini? Wewe ulikuja kuchomelea ama kupika?"

"Kama unataka haraka tafuta mwingine. Mimi sitaki kurudishwa hapa."

Alitukana kwa Kikamba, lakini alijua hakuna mwingine wa kutafuta.

Nilichukua debe, nikalikata, nikalikunja likawa kama mkanda wa kuzunguka bomba, lenye nafasi ya kujaza makaa. Kabla ya kuchomelea nilipasha mpaka mate niliyotema yakaruka na kukauka. Baada ya kuchomelea, nikiwa sijaacha chuma kipoe, nilifunga ule mkanda, nikajaza makaa, nikapuliza kwa feni ya mkono mpaka chuma kikashika wekundu ule wa mbali ambao huuoni juani. Lazima ukikinge kivuli kwa kofia. Nikiuona wekundu huo, nilimwaga jivu juu yake na kuacha. Vile tu. Hakuna uchawi.

Siku ya kwanza tuliingiza mabomba kumi na moja. Naipanoi alituletea chai ya strungi, akaomba radhi kwamba maziwa hakuna. Alisimama akinitazama nikipuliza makaa.

"Hiyo chuma umeshaiunganisha," alisema. "Sasa mbona unairudishia moto?"

Nikamweleza. Nilimwonyesha kwa kidole ule ukanda ulio kando ya mshono, nikamwambia hapa ndipo panapovunjika, pakipoa kwa pupa.

Alifikiri. "Ni kama mwanamke amejifungua," alisema. "Humtoi nje kwa baridi siku hiyo hiyo."

"Ndiyo, mama. Hivyo hivyo."

"Basi pika pole pole," akasema, na akaondoka na vikombe.

Siku ya pili tulianza alfajiri. Kufikia saa tano bomba la kumi na saba lilikuwa limeshuka. Ila shimo lilikuwa limeanza kulia. Udongo ulikuwa ukiachia huko chini, vipande vikigonga mabomba kwa nje, na kila mara sauti ilipopanda Lazarus aliinamisha kichwa kama mtu anayesikia mlango wake ukivunjwa.

"Punguza kupika," alisema.

"Hapana."

"Wasike, hii shimo haitungojei."

"Itatungojea kuliko bomba likikatika."

Nilikuwa namaliza ungio la kumi na saba wakati pikapu ya Lemein ilipoingia. Alikuwa ameenda barabarani kumpokea baba yake, Mzee Saruni, baba mkwe wa Naipanoi, anayeishi Entarara kwa mwanawe mwingine. Mzee alikuwa amesafiri tangu usiku kuja kubariki kisima. Ni mtu wa kanisa, lakini kisima ni kisima. Alishuka polepole, shuka imefungwa begani, mkononi ana kibuyu na fungu la majani mabichi ambayo sijui aliyapata wapi kwenye nchi ile.

Naipanoi alikwenda akainamisha kichwa, mzee akamgusa utosini. Wao wawili huitana Paashe, kwa sababu siku alipoolewa mzee alimpa ndama.

"Paashe, maji yako wapi?" mzee aliuliza.

"Yako chini, Paashe. Yanapanda leo."

Kibuyu kilikuwa na maziwa yaliyochanganywa na maji. Maziwa yenyewe Naipanoi ndiye aliyeyatia humo mzee alipofika, kutoka kwa ng'ombe mmoja aliyebaki na matone. Siku tatu alikuwa akikusanya. Hata watoto wa boma hawakuonja, na hiyo ndiyo sababu sisi tulikunywa strungi.

Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza mshono. Mkanda wa debe ulikuwa mkononi, makaa yako tayari. Chuma kilikuwa bado kina moto ule unaoona hewa ikitetemeka juu yake. Mzee akaja moja kwa moja hadi kwenye bomba. Watu wote wakasogea, hata vijana wa rigi wakavua kofia. Mzee akaanza kuomba kwa Kimaa, na kila alipotulia wengine waliitikia, "Naai," yaani Ee Mungu. Alichovya majani, akanyunyizia ardhi, akanyunyizia rigi, akanyunyizia kichwa changu. Nilijua linalofuata. Nilikuwa na muda wa kusema, mzee, subiri, hapa pana moto, mpe mtu dakika ishirini. Hayo maneno yote yalikuwa kinywani.

Mimi si mtu wa kunyamaza. Kitengela nzima wananijua kwa mdomo. Nimemwambia mchungaji wa kanisa kwamba geti lake ni baya. Nimemwambia mke wangu mambo ambayo yalimfanya arudi kwao Bungoma. Siku ile nilinyamaza.

Mzee aliinua kibuyu akamwaga yote yaliyobaki juu ya ungio.

Chuma kililia kwa sauti kali, mvuke ukapanda, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikatujaa puani. Watu wakaitikia kwa nguvu kuliko mwanzo. Maziwa yaliteremka kando ya bomba yakaacha michirizi ya kahawia. Naipanoi alikuwa akicheka kimyakimya, mkono mdomoni, machozi yakimtoka. Tangu nifike sikuwa nimemwona akicheka.

Nilijua chuma kimefanya nini. Kilichokuwa ndani ya ule upana wa kidole kilikuwa kimekuwa kioo. Na nilijua dawa yake pia. Ilikuwa mkononi mwangu. Kufunga mkanda, kujaza makaa, kukipasha tena mpaka ule wekundu wa kivulini, jivu, basi. Dakika ishirini na kioo kingerudi kuwa chuma.

Mzee alikuwa bado ameweka kiganja juu ya bomba, sehemu ya juu isiyo na moto. Ili nifunge mkanda ningelazimika kumwambia aondoe mkono. Kisha ningechoma baraka yake mbele ya macho yake na ya wote waliokuwa wakiitikia, maziwa ya siku tatu, kana kwamba nafuta uchafu.

"Fundi," Lazarus alisema kwa sauti ya chini. Huko chini kitu kikubwa kiligonga bomba. "Fundi, sasa?"

Aliniuliza. Hilo sitamlaumu nalo. Aliniuliza mimi.

"Shusha," nikasema.

Bomba lilishuka, michirizi ya maziwa ikapita mbele ya macho yangu, ikazama.

Kisha nikafanya jambo la kipumbavu ambalo mafundi hufanya wakishakosea. Nilifanya yaliyobaki vizuri kupita kiasi. La kumi na nane nililipika dakika hamsini. La kumi na tisa, hamsini. Lazarus alinguruma. Nilijiambia maziwa si maji ya pipa, yalikuwa kidogo, chuma ni kinene, pengine hayakuingia. Nilijiambia uzito wenyewe utabebwa sawa ukishuka bila kushtuliwa. Kamba ikivuta taratibu hata kioo hubeba.

Saa sita ilipopita, Naipanoi alimwuliza Lazarus maji yatatoka saa ngapi. Lazarus akamwambia bomba la mwisho likiingia, atafungulia hewa na maji yatarushwa juu jioni hiyo hiyo. Naipanoi akachukua simu akampigia mchungaji wa ng'ombe wake. Ng'ombe walikuwa kwenye vichaka upande wa reli, mwendo wa saa chache kwa ng'ombe mwenye nguvu. Alimwambia awalete.

"Waanze sasa?" nilimuuliza.

"Wanatembea pole siku hizi," alisema. "Wakifika wakute maji."

Saa kumi tulikuwa tumeunganisha bomba la ishirini na tatu. Likashuka nusu, likakwama. Udongo ulioachia ulikuwa umerundikana kama rafu huko chini, na mdomo wa bomba la kwanza ulikuwa umekaa juu yake. Lazarus alivuta juu kidogo, akaachia. Likagonga likasimama. Akavuta tena.

"Usilishtue," nikasema.

"Nitalipitishaje? Nilibembeleze?"

"Zungusha. Mwaga maji kwa nje. Usiligonge."

"Nikimwaga maji udongo unafura zaidi. Wewe ulisema hizo ungio zako zinaweza kubeba nyumba."

Nilikuwa nimesema hivyo kweli, asubuhi ya siku ya kwanza. Hapo palikuwa na nafasi nyingine ya kufungua mdomo. Ningesema, la kumi na saba lina kasoro, tuyavute juu mabomba yote hadi hapo nilipashe upya. Ingekula saa kadhaa na pengine shimo lingejifunga. Pengine lisingejifunga. Nilimtazama Mzee Saruni, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya kivuli cha lori. Nikasema, "Basi polepole."

Aliachia mara ya tatu. Sikusikia mlio mkubwa. Ulikuwa mkavu tu, kama kuni ikikatwa kwa goti. Waya wa winchi ukalegea ghafla kisha ukakaza, mnara ukaruka, na kutoka ndani ya shimo tukasikia kitu kizito kikishuka na kutua kwa kishindo.

Lazarus alivuta. Vilikuja juu vipande sita vyangu vilivyopikwa vizuri, kimoja kimoja, na chini ya cha mwisho palikuwa na mdomo uliokatika. Mshono wangu ulikuwa hapo hapo, mzima, mzuri, umekaa kama pete. Chuma kilikuwa kimekatika kando yake, duara kamili, na ndani kilikuwa kinametameta. Kwa nje palikuwa na michirizi ya kahawia.

Lazarus aliteremsha kamba yenye uzito kupima. Ilifika mita thelathini na mbili ikakaa kwenye tope. Akajaribu tena, thelathini na moja. Shimo lilikuwa likijifunga juu ya mabomba kumi na saba kama kinywa.

Alinivuta pembeni. "Sema ni bomba," alisema. "Sema lilikuwa kuukuu. Mimi nitasema ni udongo. Hakuna mtu hapa anajua chuma."

"Bomba halikuwa na makosa."

"Wasike, usianze mdomo wako leo."

"Leo nimeuanza nimechelewa," nikamwambia.

Nilikwenda walikokuwa wamesimama. Mzee Saruni alikuwa ameinuka. Aliuliza kitu kwa Kimaa na Lemein akanitafsiria.

"Anauliza nini imekatika."

"Ungio la kumi na saba," nikasema. "Nililichomelea mimi. Baada ya kuchomelea lilipaswa kupashwa moto tena. Hayo mengine nililipasha kila moja. Hilo sikulipasha. Makosa ni yangu, si ya mtu mwingine yeyote hapa."

Lemein alitafsiri. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akapita kando yangu taratibu, akaenda lilikolazwa bomba. Aliinama kwa shida. Akapitisha kidole gumba juu ya ile michirizi ya kahawia, akakinusa. Akakaa hivyo muda mrefu, kidole puani. Kisha alikwenda kwenye pikapu ya mwanawe, akaingia, akafunga mlango, akatazama mbele.

Naipanoi alikuwa ameona yote.

"Ni yale maziwa," alisema.

"Hapana, mama."

"Usinidanganye. Jana wewe mwenyewe ulinionyesha kwa kidole."

"Maziwa yalikipoza, ndiyo. Lakini dawa ilikuwako. Nilikuwa na mkanda mkononi na makaa yanawaka. Dakika ishirini zingetosha. Sikuzichukua."

"Kwa nini?"

"Nilimwonea mzee haya. Niliona nitakuwa nimechoma baraka zake."

Alinitazama. Nilitamani anitukane. Mimi matusi nayajua, nayabeba vizuri.

"Mzee amepanda gari saa tisa usiku huko Entarara," alisema. "Ni mtu wa miaka themanini na kitu. Wewe ungemwambia, baba, keti kidogo, chuma hiki bado kinaumwa. Angeketi. Angekaa mpaka jioni." Akaigeukia pikapu. "Sisi tumengojea mvua miaka miwili, fundi. Ulidhani tutashindwa na dakika ishirini?"

Akageuka akalitazama shimo.

"Inaweza kutengenezwa?" akauliza.

"Hii hapana. Mabomba yamelala chini na udongo umeyalalia. Ni kuchimba nyingine pembeni."

Alimtazama Lazarus. Lazarus aliangalia viatu vyake. Alikuwa na kazi Matasia inayomngoja tangu wiki iliyopita, na kila mtu pale alijua kwamba kisima kimoja ndicho kilichokuwa kwenye makubaliano, wala si viwili. Vijana wake walikuwa wameanza kulaza mnara bila kuambiwa.

Tulikuwa tukikunja nyaya za jenereta wakati ng'ombe walipofika. Nilisikia kengele kwanza. Walikuja kwa mstari, wanakanyaga kama wanaogopa kuivunja ardhi, mbavu zote nje, na mchungaji nyuma yao hakuwa na haja ya kuwapiga kwa sababu walikuwa wamenusa unyevu. Kando ya shimo kulikuwa na bwawa dogo la tope la kijivu, lile linalotoka wakati wa kuchimba. Lina sabuni ya kuchimbia ndani yake, na mafuta. Mnyama akilinywa hafiki mbali.

Naipanoi aliona kabla yangu. Alichukua fimbo akakimbia akasimama mbele ya tope, akaanza kuwapiga ng'ombe wake puani. Nikaacha nyaya nikaenda upande wa pili nikatanua mikono. Walikuwa wepesi. Ng'ombe mzima, nilimsukuma kwa kifua akarudi nyuma kama mbuzi. Mmoja mweupe alipenya katikati yetu akapiga magoti kwenye ukingo, na nikamshika pembe nikavuta, na alinitazama kwa jicho moja huku ulimi wake ukiwa umetoka nje, mkavu, ukitafuta.

"Mshike huyo," Naipanoi alisema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya chini. "Huyo ndiye mwenye maziwa."

Nilimshika. Tulisimama hivyo, yeye upande wake na mimi wangu, tukiwakataza maji wanyama ambao yeye mwenyewe alikuwa amewaita. Wenyewe hawakuenda popote. Walisimama wakituzunguka, wakingoja, kwa sababu walikuwa wameletwa wanywe.

Karibu na pikapu Lemein alikuwa akiongea kwa simu, mgongo ametugeuzia. Sikusikia alichokuwa akisema. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa ukionyesha, kutoka ule mti mmoja hadi kwenye kilima, kutoka kilima hadi kwenye korongo, kana kwamba mtu wa upande wa pili angeweza kuona, na nilielewa kwamba anamweleza mnunuzi mipaka.